Kamba, Mbwa na Asubuhi ya Kivukoni

Mgeni aliyefikia kwenye hoteli inayotazama bandari ya Dar es Salaam, iwe Kilimanjaro iliyofunguliwa mwaka 1965 ikiwa fahari ya nchi changa au mojawapo ya zile zilizochipuka baadaye, akiuliza mapokezi ni wapi atamtembeza mbwa wake, atakuwa ameuliza jambo ambalo jiji halijawahi kujiuliza. Mbwa wa Dar es Salaam hatembezwi. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa, na mpita njia hujulishwa habari zake kwa rangi nyekundu getini: Mbwa Mkali. Asiye na geti wala mwenyewe anaitwa koko, na huyo hujitembeza, kutoka jalala hili hadi lile, akirushiwa mawe na watoto. Kati ya mkali na koko hatumjui wa tatu. Makala haya yanamtetea huyo wa tatu, mbwa aliyezoea kamba, kwa sababu ambayo huenda ikamshangaza msomaji: faida yake kubwa humwendea asiyefuga mbwa. Na ingawa katikati ya jiji letu pamebanwa, nafasi yake ipo, mradi tukubali kugawana saa kabla ya kuanza kudai bustani mpya.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayokwamisha mjadala wa aina hii kila unapoanza. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji huu miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, upande wa mashariki, kuanzia Kivukoni kwenda mpaka Ocean Road, ulipewa miti, barabara pana na nyumba zilizoachiana nafasi. Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 ilikuwa shamba la majaribio ya mazao ya biashara. Kupunga upepo kulikuja baadaye. Uhindini kulijaa maduka yaliyobanana ukuta kwa ukuta, na Waafrika walipangiwa ng'ambo ya pili, mahali ambapo Vita Kuu ya Kwanza viliacha jina la Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kati ya ng'ambo hiyo na mji wa wengine ukaachwa ukanda mtupu. Ulikuwa mpango wa Wajerumani, Waingereza wakautekeleza, na kisingizio kilikuwa afya: eti maradhi yasivuke. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Basi uwanja wa wazi tunaojivunia leo katikati ya jiji haukuachwa ili watu wakutane, uliachwa ili wasikutane, na wenyeji ndio waliougeuza kuwa mahali pa mikutano, pa kumbukumbu ya mashujaa na pa swala ya Idi.

Historia hiyo ina uzito wake hapa kwa sababu inatuonya tusipokee kwa pupa rai ya kwanza anayoitoa kila mpenda mbwa: tengeni bustani, wekeni uzio, andikeni juu yake kuwa ni ya mbwa. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ambalo watoto wake wa mjini kati wanachezea mpira kwenye maegesho ya magari, halitakata kipande cha Mnazi Mmoja limpe mbwa, na wala halipaswi. Mahali watu wanapoweka paji la uso chini kusujudu si mahali pa mbwa kuinulia mguu. Bustani ya Mimea nayo, kwa maoni yangu, iachwe. Ni ndogo, tausi wake wanazurura bila kizimba, na vijia vyake ni vyembamba kiasi kwamba anayemwogopa mbwa hana pa kumpishia. Viwanja vya Gymkhana ni vya wanachama. Ukiishia hapo kwenye ramani utakata tamaa na kumwambia mgeni ambebe mbwa wake mpaka Oysterbay.

Lakini ramani haionyeshi saa. Siku ya kazi, kuanzia saa mbili, Barabara ya Kivukoni ni ya magari, bajaji, wachuuzi na abiria wanaokimbilia boti za Zanzibar. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni nchi nyingine kabisa. Kutoka mbele ya Kanisa la Azania Front, chini ya miti ya ufukweni, upepo unatoka baharini, lami bado ya baridi (ya saa saba mchana huunguza nyayo za mnyama kama kikaango), na wanaopita ni wakimbiaji wachache na walinzi wanaomaliza zamu. Mtaa wa Samora, kutoka Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 kuelekea Makumbusho ya Taifa, una maduka yaliyofungwa na barabara tupu. Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado wanaiita Ocean Road, ina ukanda wa mchanga na majani kando ya bahari unaokwenda mpaka Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022, na huko wanaotembea kwa afya wamekwisha kujitengenezea desturi bila kuambiwa na mtu. Pa kuepuka ni kipande cha Magogoni, ambako soko la samaki linaamka kabla ya jua, matumbo ya samaki yanavutia kunguru na koko wa eneo zima, na mbwa mgeni ataingia vitani kabla hajamaliza kunusa. Kisha eneo la Ikulu, ambako hata mtu asiye na mbwa hapaswi kusitasita.

Kariakoo ni habari nyingine, na hapa sina maneno mengi. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Swahili na Mkunguni haina saa ya kumgawia mbwa. Nyumba za Waswahili zilizokuwa na uani zimekuwa maghorofa, magunia yanashushwa usiku, na soko alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970 limezungukwa na biashara iliyofurika mpaka barabarani. Serikali ilipowaondoa machinga kwenye njia za waenda kwa miguu Oktoba 2021, tuliona kwa muda mfupi jinsi kijia kilivyo mali inayogombaniwa kuliko duka lenyewe. Kumwingiza mbwa kwenye msongamano huo ni kumwonea mbwa, ni kumwonea pia mama aliyebeba ndoo ya maembe kichwani. Mkazi wa Kariakoo anayefuga, na wapo, hasa walinzi wa maghala, itambidi avuke Mnazi Mmoja aje upande wa bahari mapema. Mwendo huo si mrefu.

Sasa faida niliyoahidi kwa asiyefuga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara humuua, na takriban visa 99 kati ya kila 100 duniani hutokana na mbwa. Makadirio ya kitafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vile vinavyoandikwa hospitalini, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Dawa ya kweli inajulikana: ukichanja mbwa 7 kati ya kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sindano yenyewe si ghali. Kinachokwamisha, na kila aliyewahi kuendesha kampeni ya chanjo nchini anakijua, ni kumfikisha mbwa kwenye meza ya ofisa mifugo. Mbwa aliyekaa bandani maisha yake yote hashikiki. Mwenye nyumba anamwogopa, mlinzi anamwogopa, mtoto aliyetumwa kumpeleka anaburutwa nusu ya njia kisha anamwachia. Siku ya chanjo inapita mbwa akiwa kwenye mnyororo wake, hajachanjwa, na miezi sita baadaye geti likisahauliwa wazi anamng'ata mpita njia. Kamba, kwa maana hiyo, ni chombo cha afya kama ilivyo bomba la sindano. Mbwa anayetembezwa asubuhi ndiye atakayefika kwenye chanjo bila vurugu, ndiye ambaye majirani wanamjua kwa sura na jina, na akibadilika tabia, akianza kutokwa povu au kuyumba, kuna jicho litakaloona.

Atatokea wa kusema njia fupi ni risasi. Njia hiyo imejaribiwa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwishoni mwa miaka ya 1990 mbwa waliuawa kwa malaki baada ya kichaa kuingia, na kichaa kikabaki, kwa sababu wenye mbwa waliwaficha wao au waliwahamisha vijijini pamoja na ugonjwa, na nafasi za waliouawa zikajazwa na mbwa wengine wasiochanjwa. Mfano wa kinyume chake uko karibu nasi zaidi. Pemba walichanja. Ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 pale chanjo ilipolegea, wakachanja tena na kufikia mwishoni mwa 2018 ukawa umeondoka. Pemba, tukumbuke, ni kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, na waliowashika mbwa wale wakawapeleka kwenye sindano ni hao hao.

Nataja dini kwa sababu pingamizi kubwa linatoka huko, na wanaolijibu kwa kubeza hawalijui. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: akikugusa kwa umajimaji, unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu aliyetoka nyumbani na udhu wake kwenda msikiti wa Kitumbini au misikiti ya Kisutu ana haki kamili ya kutolambwa mguu njiani na mbwa wa mgeni wa hoteli. Hadithi za Mtume zinakataza pia kufuga mbwa pasipo haja, na haja zinazotajwa ni uwindaji, mifugo na shamba. Mpenda mbwa anayedai kuwa hofu ya Waswahili ni ushamba tu hajui kuwa imeandikwa, imesomwa na ina mipaka yake.

Ila mipaka ndiyo neno la kulitazama. Fikihi hiyo hiyo inasema najisi ya mbwa haihami kavu kwa kavu. Haisemi kumwona mbwa ni najisi, wala kupishana naye, wala kukaa naye mji mmoja. Wamaliki, Waislamu vilevile, wanamhesabu mbwa kuwa tohara. Sura ya Al-Maida inaruhusu windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na neno la kushika hapo ni kufunzwa. Katika Al-Kahf, mbwa wa vijana wa pangoni amelala kizingitini, miguu ameinyoosha, hakufukuzwa. Na kuna hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa, ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ukiyaweka haya pamoja hupati chuki, unapata umbali: mbwa awepo, awe na kazi, awe amefunzwa, asikuguse. Sasa taja kifaa kinachotunza umbali huo barabarani kuliko kamba ya mita moja na nusu iliyoshikwa na mwenyewe. Mimi sikijui. Koko hana umbali. Mbwa Mkali aliyevunja geti hana umbali. Wasasi wa Zanzibar, wanaotoka na mbwa wao kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba, hawajaona mgongano kati ya kibla na mnyama aliyefunzwa. Wanaosha wanachopaswa kuosha, wanaswali.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai wanaweza kutusaidia ushahidi hapa. Kule ni nchi ya Kiislamu, ufukwe ni wa pesa nyingi na wageni wenye mbwa hawahesabiki. Sheria ya Shirikisho Na. 22 ya mwaka 2016 inamlazimu mwenye mbwa kumsajili, kumchanja na kumfunga kamba awapo nje, na sehemu nyingi za hadharani, zikiwemo fukwe, mbwa haingii. Kwingine anaruhusiwa, mahali pametajwa na masharti yametajwa. Hawakubadili madhehebu wala hawakuwafukuza wageni. Waliandika kanuni, wakaweka faini.

Pingamizi la pili lina hasira ya haki ndani yake: hii ni anasa ya Uzunguni. Mji ambao mtu mzima anayetoka Mnazi Mmoja kwenda Posta anatembea katikati ya barabara kwa kukosa kijia, unazungumzia matembezi ya mbwa? Nakubali hasira, nakataa hitimisho. Kijia kinachomfaa mbwa wa kamba ndicho kinachomfaa mzee wa mkongojo, mama mwenye kigari cha mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu: kinahitaji upana, kivuli, na mtaro uliofunikwa. Hakuna ombi hata moja katika makala haya linalogharimu jiwe jipya la barabarani. Naomba saa, ambazo hazijengwi. Na kuhusu Uzunguni, ni kweli kwamba enzi za ukoloni mbwa wa kutembezwa alionekana upande wa mashariki wa mji, mara nyingi akimbwekea mpishi na mtunza bustani, na kumbukumbu ya familia nyingi imehifadhi hilo. Lakini mbwa wa kulinda shamba la Mzaramo dhidi ya nguruwe alikuwapo kabla ya meli ya Mjerumani. Kilichokuwa cha kikoloni ni kumfunza mnyama kuchagua rangi ya kumbwekea, na ugonjwa huo unatibika pale mbwa anapozoea kupishana na kila aina ya mtu tangu akiwa mdogo.

Hapo tunagonga pingamizi la mwenye geti: nikimtembeza atazoea watu, akizoea watu hatalinda. Wauzaji wa mbwa husema hivyo na walinzi huamini. Ukweli ni kwamba mbwa huitofautisha nyumba yake na barabara, na anayebweka kwa kila unyayo unaopita nje, usiku kucha, anamfundisha mwenye nyumba jambo moja tu, kutomsikiliza. Mbwa anayejua milio ya kawaida ya mtaa wake hubweka pale pasipo kawaida. Mnyororo wa mchana kutwa humzidishia woga, na woga ndio mama wa ukali usiochagua, ule unaomng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilishaweka wajibu wa mwenye mnyama kutomtesa. Wanaoisoma wengi hudhani inahusu punda na kuku wa sokoni. Inamhusu pia yule aliyefungwa mita mbili nyuma ya jenereta.

Nani afanye? Tangu Februari 2021, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Kivukoni, Kisutu na Kariakoo zote ziko chini yake. Mamlaka ya kutunga sheria ndogo inayo. Kinachotakiwa kingetosha ukurasa mmoja: njia zilizotajwa kwa majina, Kivukoni mbele ya Azania Front, Samora siku za Jumapili, ukanda wa Barabara ya Barack Obama, saa za siku za kazi kuanzia kumi na mbili hadi moja asubuhi, baada ya wa swala ya alfajiri kurudi makwao na kabla ya maofisa kufika, na hadi saa tatu mwisho wa wiki, kamba isiyozidi mita mbili, cheti cha chanjo ya mwaka huo, kiwe cha mbwa wa hoteli ya kifahari au cha ghala la Gerezani. Hoteli zenyewe zingeweza kuchangia siku ya chanjo ya bure pale pale ufukweni kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kuwa wageni wao ndio watakaofaidi njia.

Kinyesi nacho kina sheria yake, na hapa mgeni hupata mshangao. Vile vifuko vya plastiki anavyokuja navyo kwenye mkoba huenda vikamzulia maswali kwa sababu ya katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019. Mwenyeji ana njia ya siku nyingi, gazeti la jana, na mwandishi wa safu hii hataona vibaya likitumika hili.

Watabaki koko, ambao hakuna kanuni itakayowashikisha kamba maana hakuna mkono wa upande wa pili. Kwa hao kazi ni ya daktari wa mifugo: kuwachanja na kuwahasi pale walipo, Magogoni na nyuma ya masoko, kama baadhi ya mashirika ya ustawi wa wanyama yanavyofanya tayari kwa uwezo mdogo. Lakini leo ofisa anayekwenda kuwakamata hana namna ya kumtofautisha koko na mbwa wa mtu aliyetoroka, kwa sababu wote wanafanana: hawana kola, hawana cheti, hawajui kamba. Waliosajiliwa wakianza kuonekana ufukweni kila asubuhi, hesabu ya wasio na mtu itaanza kusomeka. Na bango litakalosimamishwa pale Kivukoni lisiandikwe kwa rangi nyekundu. Liandikwe saa.